London hadi Tokyo: Kwa Nini Hesabu ya Saa Inagoma

*Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mama yangu tunataka kusafiri kutoka London kwenda Tokyo katikati ya Oktoba na kurudi mwanzoni mwa Novemba, bila kushuka njiani. Nafasi nimeshika ila sijalipa. Nimetafuta umbali nikapata kilomita 9,600. Nasikia ndege kubwa huruka kilomita 900 kwa saa, nikagawanya, nikapata saa 10 na dakika 40. Kufungua tiketi nikachanganyikiwa. Kwenda tunaondoka 09:30 na kufika 07:20 kesho yake, ambayo ni saa 21 na dakika 50. Kurudi tunaondoka 09:30 na kufika 14:50 siku hiyohiyo, yaani saa 5 na dakika 20 tu! Rafiki yangu anasema hiyo ni kawaida, kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ukienda magharibi mji unakuja wenyewe kukupokea. Tena kuna tiketi ya bei nafuu zaidi inayopitia Dubai. Mama ana miaka 68, ana kisukari na anachoma insulini, ndiyo maana nataka kujua hasa atakaa kwenye kiti saa ngapi. Nishike hesabu ipi?*

Usishike hata moja kati ya hizo tatu. Kwa tiketi uliyonieleza, mama atakaa ndani ya ndege saa 13 na dakika 50 wakati wa kwenda, na saa 14 na dakika 20 wakati wa kurudi. Safari zote mbili zinakaribiana, na ya kurudi ndiyo ndefu kidogo. Hukosei kugawanya wala kutoa. Tatizo ni kwamba namba ulizoanza nazo zinajibu maswali mengine kabisa.

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo panapowachanganya wengi na ndipo rahisi kurekebisha.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale. 09:30 ya kuondoka ni saa tatu na nusu asubuhi ya London, na 07:20 ya kufika ni saa moja na dakika ishirini asubuhi ya Tokyo. Ukitoa moja kwa nyingine unakuwa umechanganya saa za ukutani za miji miwili isiyoamka pamoja. Njia ya uhakika ni kugeuza zote ziwe saa za kimataifa, zile zinazoandikwa UTC, ambazo hazina kiangazi wala kipupwe, ndipo utoe. Katikati ya Oktoba London bado iko kwenye saa za kiangazi, saa moja mbele ya UTC. Tokyo iko saa tisa mbele, mwaka mzima, maana Japani haisogezi saa zake. Kwa hiyo 09:30 ya London ni 08:30 UTC, na 07:20 ya Tokyo ni 22:20 UTC ya usiku uliotangulia. Kutoka 08:30 hadi 22:20 ni saa 13 na dakika 50.

Kurudi kuna mtego mdogo ambao hata watu wanaosafiri sana hunaswa nao. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza hurudisha saa nyuma. Ninyi mnakwenda kabla ya siku hiyo na kurudi baada yake, kwa hiyo tofauti kati ya miji hii miwili ni saa nane mnapokwenda na saa tisa mnaporudi. 09:30 ya Tokyo ni 00:30 UTC. 14:50 ya London mwezi wa Novemba ni 14:50 UTC vilevile. Jibu ni saa 14 na dakika 20. Ungetumia tofauti ya saa nane kwa safari zote mbili ungepata 13 na dakika 20, ukaamini kwamba kurudi ndiko kufupi, na rafiki yako angeshangilia.

Sasa tumalizane na rafiki. Ni kweli dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta ardhi inakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Lakini hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa hiyo tangu ilipokuwa imeegeshwa. Ni sawa na abiria anayetembea ndani ya treni: akielekea mbele au nyuma, kiti chake hakimkimbilii wala hakimkimbii. Kama wazo la rafiki yako lingekuwa sahihi, helikopta ingepanda juu, ikasimama hewani saa moja, na kushuka nchi nyingine. Ukweli wenyewe unakwenda kinyume na anavyodhani. Katika sehemu kubwa ya dunia yenye safari nyingi, kwenda mashariki ndiko haraka, na sababu ni upepo. Nitaufikia.

Ile 9,600 ni namba sahihi. Ni umbali mfupi kuliko wote juu ya uso wa dunia kati ya miji hiyo, ule ambao wataalamu wa usafiri wa anga huuita umbali wa duara kuu. Chukua tufe la dunia na uzi, bana ncha moja London na nyingine Tokyo, vuta uzi ukaze. Utashangaa unakopita. Hauendi mashariki kupitia Uturuki na China kama macho yanavyotarajia kwenye ramani ya ukutani. Unapanda kaskazini, unakata Skandinavia, unavuka Mzingo wa Aktiki na kufika karibu na latitudo ya digrii 71, kisha unateremka juu ya Siberia hadi Japani. Ukichora mstari ulionyooka kwa rula kwenye ramani ya kawaida ya ukutani, ile inayoifanya Greenland ionekane kubwa kama Afrika, na ukaufuata mstari huo kwa kweli, utasafiri takriban kilomita 11,300. Rula inakupotezea kilomita 1,700. Kwa hiyo siku ukiona kwenye kioo cha kiti chako ndege inachora upinde, usimfikirie rubani vibaya. Ramani ndiyo iliyopindishwa ili dunia ya mviringo ilale kwenye karatasi.

Ugumu ni kwamba uzi ule unapita juu ya Urusi kwa sehemu kubwa ya njia, na anga ni mali ya nchi iliyo chini yake. Mwishoni mwa Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilizifungia ndege za Urusi, na Urusi ikazifungia ndege za kwao. Mashirika ya Japani nayo yakaacha kupita huko. Kabla ya hapo, London hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa kumi na mbili hivi, pungufu kidogo au zaidi kidogo kutegemea upepo. Hapo ndipo zilipopotelea zile saa mbili unazoziona zimeongezeka kwenye tiketi yako.

Leo anayetoka London hushuka kusini mashariki: Ulaya, Bahari Nyeusi au Uturuki, Kaukazi, Bahari ya Kaspi, Asia ya Kati, China, Korea, halafu Japani. Nimekupimia kwa makadirio ya haraka. Ukilazimika kupinda kupitia Baku tu, mji mkuu wa Azerbaijan, hata kama vipande viwili vya kabla na baada ya hapo vimenyooka kabisa, umeshafika karibu kilomita 11,500. Gawanya kwa 900 upate saa 12 na dakika 45 hivi, ongeza muda wa ardhini, na saa 13 na dakika 50 hazikushangazi tena.

Anayerudi ana chaguo la pili: kuvuka Pasifiki ya Kaskazini kwenda pande za Alaska, kupita juu ya Kanada ya kaskazini na Greenland, kisha kuingia Uingereza kutokea kaskazini magharibi. Yaani anaondoka Tokyo kuelekea mashariki ili afike London iliyo magharibi. Kupitia Anchorage, mji wa Alaska, njia hiyo inakaribia kilomita 12,700, zaidi ya 3,000 juu ya ile namba uliyoiona. Nani mwenye akili timamu angeichagua? Mtu anayejua upepo unakovuma. Kuvuka Pasifiki kwa kusukumwa mgongoni kunaweza kulingana na kurudi kwa njia fupi huku unapigwa usoni kote Asia. Uamuzi hufanywa saa chache kabla ya safari kwa kuangalia utabiri wa siku hiyo, ndiyo maana abiria wawili wa shirika moja, juma moja, wanaweza kusimuliana mandhari tofauti kabisa za dirishani.

Kwa wazee wa kazi hii, hayo si mageni. Wakati wa Vita Baridi anga ya Umoja wa Kisovieti ilikuwa imefungwa kwa sehemu kubwa, na safari nyingi za Ulaya kwenda Japani zilikuwa zikitua Anchorage kuongeza mafuta. Shirika la SAS la Skandinavia lilifungua njia ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia huko na karibu na Ncha ya Kaskazini mwaka 1957. Finnair, shirika la Finland, mwaka 1983 ilianza kuruka Helsinki hadi Tokyo bila kutua, ikiizunguka Urusi kwa kupitia juu ya ncha. Mwaka huohuo, Septemba 1, ndege ya Korea iliyotoka Anchorage ikielekea Seoul ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na kudunguliwa. Watu 269 walikufa. Nayataja hayo ili uelewe kwa nini hakuna shirika linalofanya mchezo na mipaka ya angani kwa ajili ya kuokoa saa mbili.

Upepo sasa. Kilomita 900 kwa saa uliyoisikia ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na iko karibu na ukweli: ndege kubwa za leo husafiri kwa takriban asilimia 85 ya kasi ya sauti, ambayo katika baridi ya kule juu, nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, inatoa kama kilomita 900. Ila hewa yenyewe haitulii. Katika kimo cha mita elfu tisa hadi kumi na mbili kuna mikondo ya upepo mkali inayozunguka dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Kilomita 150 kwa saa ni jambo la kawaida, na wakati wa baridi inaweza kuvuka 300. Mojawapo ya mahali inapovuma kwa nguvu zaidi duniani ni juu ya Japani. Na ni huko ilikopimwa vizuri mapema sana: Mjapani Wasaburo Ooishi, miaka ya 1920, alirusha maputo kutoka kituo cha Tateno na kufuatilia jinsi yalivyokimbizwa. Matokeo yake aliyachapisha 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumiwe na mataifa yote, akitumaini ulimwengu wote utasoma. Ulimwengu haukusoma. Mwishoni mwa 1944 marubani wa Marekani waliokuwa wakipaa kwenda kupiga mabomu Japani walikutana na upepo huo wakashindwa kuelewa ni kitu gani.

Kuna dhana moja ya kusahihisha hapa pia, kwamba upepo unakopa na kulipa, yaani ulichopoteza kwenda utakipata kurudi. Sivyo. Fanya hesabu kwa zile kilomita 9,600. Bila upepo, kwenda na kurudi kwa kasi ya 900 ni saa 21 na dakika 20. Weka upepo wa kilomita 100: ukikusukuma unatumia saa 9 na dakika 36, ukikupinga unatumia saa 12 kamili. Jumla ni saa 21 na dakika 36. Umepoteza dakika 16, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokuumiza kuliko ndani ya unaokusaidia. Upepo ukizidi, hasara inaongezeka kuliko unavyodhani.

Bado kuna dakika za ardhini, ambazo watu huzisahau kabisa. Muda wa tiketi huanza pale ndege inapoondoka getini, na huisha inaposimama geti la upande wa pili. Katikati kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, foleni ya kuelekea barabara ya kurukia (kwenye kiwanja kikubwa asubuhi, dakika ishirini si ajabu), kupanda polepole ndege ikiwa bado nzito ya mafuta, na mwishoni kuzungushwa kusubiri zamu ya kutua. Isitoshe mashirika huweka akiba ya dakika kwenye ratiba ili yasihesabiwe kuwa yamechelewa. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha "tutafika dakika ishirini kabla ya muda", na kila mtu anadhani amekanyaga mafuta.

Ukitaka kanuni ya kujikadiria mwenyewe kwa miji yoyote miwili iliyo mbali, chukua umbali wa duara kuu, gawanya kwa 850 badala ya 900, kisha ongeza dakika 45. Singapore hadi New York ni kilomita 15,300 hivi. Kanuni inakupa saa 18 na dakika 45, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote za abiria zisizotua njiani kwa sasa, inayokaribia saa 19 kwa ratiba. London hadi Tokyo inakupa saa 12, sawa na ilivyokuwa kabla ya 2022. Lakini kabla ya kuiamini kanuni hiyo, tazama uzi kwenye tufe unapita juu ya nchi gani, na uulize kama shirika lako linaruhusiwa kupita. Mashirika ya China, kwa mfano, bado yanapita juu ya Urusi, kwa hiyo London hadi Shanghai kwa ndege yao ni fupi kuliko kwa ndege ya Uingereza, ingawa miji ni ileile na umbali ni uleule.

Usiitupe hata hivyo ile 9,600. Ina kazi yake ya kisheria. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya fidia kwa abiria waliocheleweshwa, namba 261 ya mwaka 2004, ambayo Uingereza imebaki na toleo lake, hupima umbali kwa duara kuu. Ndege yenu ikichelewa vibaya kwa kosa la shirika, watakaokokotoa haki yenu watatumia namba hiyo, hata kama mlizungushwa hadi Greenland.

Sasa tuje kwa mama, maana naona hilo ndilo swali lenyewe.

Kupitia Dubai: London hadi Dubai ni kilomita 5,500 hivi, karibu saa saba, Dubai hadi Tokyo ni kama 7,900, kati ya saa tisa na nusu na kumi. Jumla unakaa hewani saa kumi na saba hivi, ukiongeza kusubiri katikati unafika saa 19 au zaidi. Faida yake haiko kwenye bei tu. Mtu anapata kunyoosha miguu kwenye sakafu isiyotikisika, kula kwa utulivu, kupima sukari bila kubanwa na kiti. Kuna wazee ambao saa saba, kisha kumi baada ya kupumzika, wanazimudu vizuri kuliko saa kumi na nne za mkupuo. Hasara: kutua na kupaa mara mbili, ukaguzi mara mbili, kutembea umbali mrefu kati ya mageti, mara nyingi usiku wa manane, na hatari ya kukosa ndege ya pili. Na anga ya huko nayo inaweza kufungwa ghafla vita vikizuka, kama ilivyotokea Juni 2025. Kama utaichagua, hakikisha vipande vyote viwili viko kwenye tiketi moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika litalazimika kukutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ni juu yako.

Mimi ningechagua ile ya moja kwa moja kwa mama wa miaka 68 anayechoma insulini, mradi anatembea mwenyewe na hana historia ya damu kuganda. Sababu yangu ni ratiba: inamwachia mpangilio mmoja wa milo na sindano, bila kukatizwa katikati ya usiku. Kama magoti yanamsumbua, au akikaa saa tatu miguu inavimba, jibu langu linabadilika.

Mimi ni mpangaji wa safari za ndege, si daktari, kwa hiyo kwenye insulini ninachoweza kukupa ni saa tu. Tarehe mtakayoondoka London, siku ya mama itafupika kwa saa nane, maana atakuwa anakimbilia asubuhi ya Tokyo. Siku ya kurudi itarefuka kwa saa tisa: ataondoka asubuhi, atasafiri saa kumi na nne, na atashuka bado mchana. Anayechoma kila baada ya saa kadhaa hawezi kufuata saa ya ukutani siku hizo mbili bila kuzidisha au kupunguza dozi. Usimpangie mwenyewe, wala usichukue mpango wa mgonjwa mwingine, hata kama wote wana kisukari. Aina za insulini zinatofautiana. Mpeleke kwa daktari wake wiki kadhaa kabla, mkiwa na karatasi yenye mambo manne: saa ya kuondoka na ya kufika kwa UTC, tofauti ya saa, muda wa kukaa ndani ya ndege, na muda wa mlo ambao shirika limekutajia. Daktari akiona 09:30 na 14:50 tupu anaweza kuingia mtego uleule ulioingia wewe.

Insulini isiingie kwenye begi la chini kwa hali yoyote, kwa sababu inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Ibebeni mkononi pamoja na barua ya daktari, sindano, kipima sukari na kitu cha kula cha haraka, na kila kitu kiwe zaidi ya mnachohitaji iwapo ndege itachelewa. Wakati wa kulipa, liambieni shirika kwamba ana kisukari na ombeni kiti cha upande wa ujia. Kama anahitaji kiti cha magurudumu uwanjani, kiombwe angalau siku mbili kabla. Kukiomba pale kaunta ni kubahatisha.

Kuhusu miguu: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba kukaa safarini zaidi ya saa nne bila kujongea huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa kwa mtu wa kawaida uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mmoja kati ya watu 6,000. Asimame na kutembea kila saa moja au mbili akiwa macho, azungushe vifundo vya miguu akiwa amekaa, anywe maji. Soksi za kubana asinunuliwe kabla ya daktari kumtazama miguu. Kwa baadhi ya wenye kisukari mishipa ya damu ya miguuni imeshadhoofika na soksi hizo zinaweza kumuumiza. Na ikiwa, wakati wa safari au hata wiki kadhaa baada ya kufika, mguu mmoja utavimba na kuuma, au akapata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, msisubiri kurudi nyumbani. Nendeni hospitali hapohapo na mseme kwamba ametoka safari ndefu ya ndege.

Kabla ya kulipa, piga simu kwa shirika uulize jambo moja tu: kama muda wa saa 13 na dakika 50 kwenda, na saa 14 na dakika 20 kurudi, ndio unaotarajiwa kwa tarehe zenu, maana ratiba za majira ya baridi huanza Jumapili ileile ya saa kurudishwa nyuma na dakika zinaweza kusogea. Na kama mtaamua kurudi mapema, kabla ya Jumapili hiyo, usishtuke ukiona kufika kumeandikwa 15:50 badala ya 14:50. Safari itakuwa na urefu uleule.